Arthas wa Warcraft III kaua mji mzima, kamuua na baba yake mzazi. Kwa nini bado namhurumia?

Mwana_Kihonda

Wakuu, habari za jioni. Nina jambo limenikaa kifuani tangu Jumapili. Naomba wanaoijua gemu hii wanisaidie, maana nimeulizwa swali na mtoto nikashindwa kujibu.

Mpwa wangu ana miaka 14, yuko kwangu hapa Morogoro kwa likizo. Badala ya kumwachia simu kutwa nzima nikamwekea Warcraft III, ile gemu ya vita ya kompyuta ya mwaka 2002, niliyoicheza mwenyewe nikiwa kijana. Nikavuta stuli nikakaa pembeni yake. Siku nne tukaenda hivyo, yeye kashika kipanya, mimi namsimulia.

Kwa wasioijua: Arthas ni mtoto wa Mfalme Terenas wa Lordaeron. Ni paladini, yaani askari wa Nuru, mwanafunzi wa mzee mmoja anaitwa Uther. Misheni ya kwanza kabisa anakwenda kuokoa kijiji cha Strahnbrad kilichovamiwa. Kisha linaingia gonjwa kupitia nafaka. Watu wanagawiwa ngano kutoka mji wa Andorhal, wanakula mkate, wanakufa, halafu wanainuka kama misukule na kuanza kuwashambulia ndugu zao. Kule Hearthglen unatakiwa uzuie mashambulizi dakika 30 nzima, na hapo ndipo Arthas anapojua kwamba ile ngano haikuletwa kuua tu. Anafika mji wa Stratholme amechelewa. Nafaka imeshagawiwa.

Hapo anamwamuru Uther auteketeze mji mzima kabla watu hawajageuka. Uther anakataa. Arthas anamwita msaliti, anamvua ukamanda mbele ya askari wake. Jaina, binti anayempenda, anamwambia samahani, siwezi kukutazama ukifanya hivi, anaondoka. Arthas anaingia mjini na waliobaki.

Sasa nieleze kilichonipata mimi. Mara ya kwanza nacheza misheni hii nilikuwa kidato cha tatu. Kulikuwa na steshenari moja yenye kompyuta sita, saa moja shilingi mia tano. Kazi yenyewe iko hivi: unavunja nyumba, watu wanatoka, wanageuka misukule mbele ya macho yako, unawaua. Upande wa pili wa mji yuko pepo anaitwa Mal'Ganis naye anawachukua wa kwake. Atakayefikisha 100 kwanza ndiye mshindi. Mara ya kwanza nilishindwa kwa sababu nilikuwa naingia nyumba moja moja, tena kwa kusitasita. Mara ya pili nikashindwa kwa watu wachache. Mara ya tatu nikagawa jeshi makundi mawili, moja mashariki moja magharibi, nikawa sisubiri hata wageuke. Nikafikisha 100. Niliinuka kwenye kiti nikapiga kofi la furaha, na wenzangu nyuma yangu wakashangilia.

Nilitoka pale nikaenda kupanda daladala, na ndani ya daladala ndiyo ikanijia nimeshangilia nini.

Tuendelee. Arthas anamfuata Mal'Ganis hadi nchi ya barafu, Northrend. Anachukua upanga uliolaaniwa, Frostmourne, na upanga unachukua roho yake. Anarudi nyumbani. Ile video ya mwisho mnaikumbuka wenyewe: kengele zinalia, watu wamefurika, maua ya waridi yanamwagwa kutoka juu, na yeye anapita katikati akiwa amejifunika kofia ya joho. Petali moja inaanguka kiganjani mwake, anaiangalia, anaiachia. Anapiga goti mbele ya baba yake. Mzee anafurahi kumwona. Halafu anainuka na upanga. Baba anauliza, unafanya nini mwanangu? Anajibu, nakurithi, baba. Taji linaanguka sakafuni linabingirika.

Mimi machozi yakanitoka. Hadithi naijua, mwisho naujua, na bado yalitoka. Mpwa wangu akanigeukia: "Mjomba, unamlilia nani? Yule mzee au huyu muuaji?"

Nikafungua mdomo niseme mzee, ikawa siyo kweli. Nilikuwa nawalilia wote wawili, na zaidi Arthas.

Sisi tuliolelewa na vibanda vya video tunajua steringi ni steringi na adui ni adui. Hapa ni mtu yule yule. Naomba mnisaidie: huruma hii inatoka wapi? Na ni haki kumpa mtu wa namna hii?

Mchezaji_Tabata

Mkuu, heshima yako, lakini mimi napinga. Huruma yako imetengenezwa. Gemu imekuweka mgongoni mwa Arthas misheni tisa mfululizo. Unamponya akiumia, unampandisha ngazi, unamtafutia silaha. Mtu yeyote ukimtunza hivyo utampenda. Ni kama ng'ombe uliyemnywesha maziwa kwa chupa.

Sasa nitajie jina la mtu mmoja aliyekufa Stratholme. Huna. Wametoka kwenye nyumba wakiwa wamefanana wote, wamekufa, na kilichobaki ni namba pembeni ya skrini. Kama gemu ingeanza kwa kukuweka wewe ni fundi viatu wa Stratholme, una mke na watoto watatu, umenunua mkate asubuhi, halafu unasikia mlango unavunjwa na mtoto wa mfalme wako mwenyewe, ungemlilia Arthas leo?

Simsemi vibaya mtu anayelia. Nasema tuwe waangalifu tunamlilia nani. Hata katika maisha, aliyekaa karibu na kamera ndiye anayehurumiwa.

Bwana_Mifugo

Nimeisoma mada hii mara mbili ndipo nikaamua kuandika. Gemu hiyo niliicheza chuoni, na sikuwahi kumweleza mtu hili.

Mimi ni ofisa mifugo ngazi ya kata. Miaka michache nyuma tulipata mlipuko wa homa ya nguruwe ya Afrika. Ugonjwa ule haumpati binadamu, lakini kwa nguruwe hauna tiba, na ukishaingia kwenye mabanda ya jirani unaondoka na wote. Agizo likawa nguruwe wote wa eneo lile wauawe na wafukiwe, wazima kwa wagonjwa. Niliyekwenda nyumba kwa nyumba ni mimi.

Kuna mama mmoja alikuwa nao saba. Sita walikuwa wamelala, masikio mekundu, wanahema kwa shida. Wa saba alikuwa jike kubwa, amesimama, anakula pumba. Yule mama alinishika mkono, hakunishika kwa hasira, akasema: "Mwanangu, huyu si hajaugua bado? Huyu niachie." Na mimi nilijua kwa hesabu zote nilizofundishwa kwamba jike lile halikuwa zima. Lilikuwa halijafikiwa tu.

Tulilifukia pamoja na wengine. Agizo lilikuwa sahihi, na hadi leo nasema lilikuwa sahihi. Lakini nikilala nausikia mkono wa yule mama.

Kwa hiyo Mchezaji_Tabata anaposema huruma ya Arthas imetengenezwa na kamera, sikubali yote. Mimi Stratholme naihurumia kwa sababu naujua ule mlango. Unaposimama mbele ya kitu kinachoonekana kizima na akili inakuambia kimeshakufa, hakuna jibu litakalokuacha ulivyokuwa. Ukiua, umeua. Ukiacha, jioni umeua zaidi.

Ila nimefikiri sana tofauti yangu na Arthas iko wapi, maana lazima iwepo. Mimi sikwenda peke yangu. Tulikaa kikao na wafugaji siku mbili kabla, wakatutukana, wakalia, tukakaa tu. Uther alikuwa anamwomba Arthas kitu hicho hicho: tuangalie njia nyingine, tusimame kidogo. Arthas hakutoa hata nusu saa. Aliyekuwa anampinga akamgeuza msaliti. Tena mimi wiki iliyofuata nilirudi kwa yule mama, nikakaa naye barazani. Arthas alitoka Stratholme moja kwa moja kwenda kupanda meli kumfukuza Mal'Ganis. Hakumzika mtu.

Mwana_Kihonda

Bwana_Mifugo, pole sana, na asante kwa kutuamini na jambo hilo. Nilisoma nikainuka nikatoka nje kidogo.

Mchezaji_Tabata, kuhusu watu wa Stratholme kutokuwa na majina umenishika. Ni kweli, na sina la kujitetea. Ila angalia na jambo hili. Mal'Ganis naye yuko kwenye kamera muda mwingi, anaongea vizuri, anatamba, na hakuna anayemhurumia. Kwa nini? Nadhani kwa sababu Mal'Ganis hana jana. Amekuja akiwa pepo na ataondoka akiwa pepo. Arthas jana yake tuliiona kwa macho, tukashiriki. Ninapomwona amesimama juu ya mwili wa baba yake, mimi naona watu wawili, huyu na yule wa Strahnbrad, na ninayemlilia ni yule ambaye hayupo tena.

Halafu kuna jambo la kuombwa asimame. Nimejaribu kuhesabu: Uther alimwomba, Jaina alikataa kumtazama akifanya hivyo, baba yake alituma amri jeshi lirudi, na Muradin, kibeti rafiki yake wa kule Northrend, alisoma maandishi kwenye jiwe lililobeba ule upanga akamwambia tuondoke, kitu hiki kimelaaniwa. Wote wanne walikuwa wanampenda. Mhusika mbaya ambaye hakuna aliyemwita arudi simsikitikii sana. Huyu aliitwa na kila mtu.

Na ile alipotamka kwamba atabeba laana yoyote kwa furaha ili aokoe nchi yake, mpwa wangu alisema "safi". Mimi nikanyamaza, kwa sababu miaka hiyo nami nilisema safi.

Dada_wa_Shela

Nimepita hapa nikavutiwa, ingawa gemu hii nimeitazama tu kaka yangu akiicheza. Nataka kuwakumbusha kisa chetu cha huku pwani, kwa sababu nacho kina mtoto aliyemuua baba.

Fumo Liyongo, shujaa ambaye silaha haikumwingia. Sultani wa Pate akamwogopa, akamtafuta mwanawe, akamwahidi kumwoza binti yake endapo atapeleleza kinachoweza kumuua babake. Kijana akaenda akamuuliza babake, naye Liyongo akajua kabisa kwamba mtoto ametumwa, na bado akamwambia: sindano ya shaba, kitovuni. Kijana akamchoma akiwa usingizini. Liyongo akaamka, akashika uta wake, akaenda mpaka kisimani, akapiga goti, akatia mshale, akafa katika hali hiyo. Watu hawakuthubutu kuteka maji kwa siku, wakidhani yu hai na amekasirika. Na yule kijana alichoahidiwa hakukipata.

Sasa niambieni, ni nani amewahi kumlilia yule kijana? Tangu nikiwa mdogo nasimuliwa kisa hiki na bibi yangu, na bibi alikuwa akifika pale kisimani sauti inamkatika. Kwa ajili ya Liyongo. Mtoto hatukuambiwa hata alikuwa akipenda nini kabla ya kununuliwa. Alipewa bei, akauza.

Kwa hivyo mimi naona jibu la mwenye mada liko katika swali hili: kilichomtoa mtu njiani ni nini? Mtoto wa Liyongo alitolewa na tamaa. Arthas wenu alitolewa na kile kile kilichokuwa kizuri ndani yake, mapenzi ya watu wake. Hilo linatisha zaidi, kwa sababu tamaa mtu anaweza kuikataa akasema mimi sina. Mapenzi ya watu wako utayakataaje?

Mchezaji_Tabata

Dada wa Shela, umenena. Lakini hapo pa "mapenzi ya watu wake" naomba tusimame, maana mapenzi hayo yana mahali yalipoishia, na mahali penyewe si Stratholme. Wengi wanapitwa.

Kumbukeni misheni ya nane, kule Northrend. Amri ya mfalme imefika, askari wamefurahi, wanarudi nyumbani, wanakatiza msituni kwenda ufukweni ziliko meli. Arthas anakodi mamluki, matroli na majitu, anawatangulia askari wake mwenyewe na kuzichoma meli zote. Askari wakifika wanakuta moshi. Wanauliza nani kafanya hivi. Na yeye, bila kupepesa, ananyoosha kidole kwa wale wale mamluki aliowalipa: ni hawa, waueni! Na wanawaua.

Upanga bado hajaugusa. Hakuna laana wala pepo aliyemshika mkono. Roho yake iko nzima kifuani. Muradin anamwambia usoni kwamba amewadanganya watu wake na kuwasaliti waliompigania.

Stratholme nakubali ilikuwa mtihani usio na jibu, Bwana_Mifugo kanishawishi. Meli zile zilikuwa na jibu rahisi, na jibu lilikuwa ni kupanda. Mimi huruma yangu inashukia pale ufukweni.

Bwana_Mifugo

Hapo kwenye meli nakubaliana nawe asilimia zote. Sikuwahi kuliweka wazi namna hiyo.

Nitaongeza jambo moja la mwisho wake, kwa ambao hawakufuata hadithi hadi World of Warcraft, gemu ya mtandaoni iliyoiendeleza. Mwaka 2008 ilitoka sehemu yake inayoitwa Wrath of the Lich King, na humo Arthas ndiye adui mkuu, amekaa kwenye kiti cha barafu na wafu wa nchi nzima chini yake. Anaposhindwa, upanga ukiwa umevunjika, anatokea mzuka wa baba yake. Yule yule mzee. Anakaa karibu naye, anampakata. Arthas anauliza: baba, yamekwisha? Mzee anamjibu kwamba hatimaye, hakuna mfalme atawalaye milele, mwanangu. Na Arthas anasema naona giza tu mbele yangu, anakata roho.

Aliyeuawa ndiye aliyekuja kumshika mkono muuaji wake. Hamwambii nimekusamehe, hilo neno halitamkwi. Anamwita mwanangu.

Mwana_Kihonda

Nimerudi, wakuu. Nimemsomea mpwa wangu majibu yenu yote jana usiku baada ya kula, hata ya Liyongo, ambayo aliniomba niirudie.

Nilimwambia jibu langu sasa: nalia kwa sababu mkono uliovunja zile nyumba ulikuwa wangu, na kila hatua niliiona ina maana wakati naipiga. Nikimchukia Arthas tu, nitakuwa najidanganya kwamba mimi pale Stratholme ningekuwa Uther. Sikuwa Uther. Niligawa jeshi makundi mawili nikapiga makofi. Na kuhusu meli, Mchezaji_Tabata, nilikwenda kuifungua misheni ile peke yangu usiku. Kweli kabisa. Nilikuwa nimeisahau, na nadhani niliisahau kwa sababu ndiyo sehemu isiyonifaa. Pale huruma yangu haikufa, ila ilibadilika. Kabla ya meli nilikuwa namwonea huruma kama mtu aliyesimama nilipokuwa nimesimama. Baada ya meli namwonea kama mtu ninayemwona ng'ambo ya mto, siwezi tena kumfikia.

Mpwa wangu hakusema kitu. Ila leo mchana nimemkuta ameanza upya toka misheni ya kwanza, Strahnbrad. Pale kuna mama anasimama kando ya njia anaomba msaada, mtoto wake Timmy amechukuliwa na viumbe wa porini waitwao gnoll. Siyo lazima kumtafuta, misheni inaisha hata ukimpita. Wiki iliyopita tulimpita. Leo dogo alitoka nje ya njia, akapigana porini, akampata mtoto, akamrudisha kwa mama yake.

Kisha akaliacha jeshi limesimama pale pale, hagusi kipanya. Nikamuuliza vipi.

"Mjomba, huyu mama anakaa hapa hapa, au ni mtu wa Stratholme?"

Nikamwambia anakaa hapa hapa. Akashusha pumzi, akaendelea kucheza.